Wanjala Hataki Kulala

Siku ya tatu baada ya mshtuko wa moyo, Wanjala alianza kumfundisha muuguzi jinsi ya kutandika kitanda.

"Unakunja hii pembe kwanza," alisema, ameketi ukingoni mwa kitanda, nyaya za kipimo zimebandikwa kifuani. "Halafu unavuta. Usipovuta, mgonjwa analala juu ya mikunjo. Lete hapa nikuonyeshe."

Muuguzi, mama wa makamo mwenye viatu vyeupe, hakuleta. Alimtazama, kisha akamtazama Awiti, mke wa mgonjwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji. Akamshika mkono, wakatoka wote wawili hadi kwenye ujia.

"Nyabo, mgonjwa wako hapana sikia," alisema, akimwita bibi kwa Kiganda. "Daktari alisema alale, yeye anakaa. Tunasema basi akae, yeye anasimama. Jana alienda mpaka stoo, anauliza kwa nini mashuka yamepangwa hivi. Sasa mimi nafanya nini? Nimfunge kamba?"

"Samahani, sista. Nitaongea naye."

"Jana ulisema utaongea naye."

"Niliongea naye."

Muuguzi alivuta pumzi kana kwamba ni yeye aliyekuwa mgonjwa, akaondoka. Awiti alibaki pale na chupa yake. Watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi walikuwa wamesikia kila neno, na sasa kila mmoja alijifanya anatazama simu yake.

Wanjala alikuwa Mbukusu wa Bungoma na mkewe Mjaluo wa Ahero, kwa hiyo nyumbani kwao Kisugu lugha ilikuwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Walikuwa wameishi Kampala miaka ishirini na miwili. Walikuwa na karakana ya kushona sare za shule huko Mengo, yenye vyerehani sita na meza moja ndefu ya kukatia vitambaa. Jumamosi iliyopita, Wanjala akiwa amesimama kwenye meza hiyo anagombana na muuza vitambaa kwenye simu kwa sababu rangi ya maruni iliyoletwa haikuwa maruni aliyoagiza, maumivu yalimshika kifuani yakashuka mkono wa kushoto. Hakukata simu. Alimaliza kumtukana muuza vitambaa kwanza, ndipo akaanguka.

Daktari alisema angekaa hospitalini siku saba. Wanjala alimwambia shule zinafunguliwa Jumatatu, na sare zinachukuliwa Ijumaa.

"Mzee, moyo wako haujui Ijumaa," daktari alimjibu.

"Ndiyo maana nakueleza wewe," alisema Wanjala.

Awiti aliporudi wodini alimkuta anazungumza kwenye simu. Hakuelewa, maana simu ya mumewe alikuwa ameificha kwenye mkoba wake mwenyewe tangu Jumapili. Aliangalia vizuri. Simu ilikuwa ya mzee wa kitanda cha jirani.

"Mwambie Kamis kola zikatwe leo," Wanjala alikuwa akisema. "Leo, si kesho. Na asikate yeye, mkono wake unatetemeka. Nani? Wewe ni nani? Mpe Kamis simu."

Awiti alinyoosha mkono, akaichukua ile simu sikioni mwake, akaikata, akamrudishia mwenyewe.

"Samahani, mzee Muhamadi."

"Hakuna neno, mwanangu," alisema Muhamadi.

Muhamadi alikuwa mzee wa Kinubi kutoka Old Kampala, aliyeendesha malori maisha yake yote na sasa alikuwa amestaafu. Naye alikuwa ameletwa kwa mshtuko wa moyo, siku moja kabla ya Wanjala. Alilala chali kama alivyoambiwa. Alikula alichopewa. Wakati wa kuchomwa sindano aligeuza uso na kusema asante. Wauguzi walimpenda, na kila wakitoka kwenye kitanda chake kwenda cha Wanjala nyuso zao zilibadilika.

"Mtazame mwenzako," Awiti alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, akimmiminia uji. "Mgonjwa kama wewe. Mbona yeye analala?"

"Yeye hana karakana," alisema Wanjala. Aliunywa uji wote kwa mikupuo mitatu, akarudisha kikombe. "Wa moto mno," akasema.

*

Jumatano asubuhi alikuja msichana mmoja mwenye koti jeupe lililomzidi mikono, ameshika makaratasi. Alijitambulisha kwa jina la Amony, mwanafunzi wa chuo. Baba yake alikuwa askari na Kiswahili alijifunza kambini, kwa hiyo ndiye aliyetumwa kwa wagonjwa wasiojua Kiganda vizuri.

"Tunafanya utafiti," alieleza. "Tunataka kujua hulka na tabia za watu waliopata mshtuko wa moyo. Wanakasirika vipi, wanafanya kazi vipi, wanaishi vipi na wenzao. Ni maswali ishirini. Hakuna jibu baya. Mzee, unakubali?"

"Inachukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Yasome haraka," alisema Wanjala.

Amony alivuta kiti. "Swali la kwanza. Je, mtu akizungumza nawe, una tabia ya kumkatiza kabla—"

"Hapana."

Awiti, aliyekuwa anakunja taulo, aliacha kukunja.

"—kabla hajamaliza," Amony alisema, akaandika. "La pili. Je, unapokula, unakula—"

"Polepole. Kama mtu yeyote."

"Baba Valarie," alisema Awiti.

"Nini?"

"Unakula umesimama. Miaka ishirini na miwili unakula umesimama, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango."

"Hajauliza kama nasimama. Ameuliza kama naharakisha."

Amony alitazama huku na huku, kalamu hewani. "Naweza kuandika yote mawili," alisema.

Wakaendelea. Je, hukasirika mtu akichelewa? Hapana, alisema Wanjala, hukasirika mtu akichelewa bila sababu, na sababu hazipo. Je, huona vigumu kumwachia mtu mwingine kazi? Hapana, kama kungekuwa na mtu mwingine. Je, aliwahi kuendelea na kazi akiwa mgonjwa? Wanjala akasema hajawahi kuwa mgonjwa. Alisema hivyo huku nyaya tano zikiwa zimetoka kifuani mwake kuelekea kwenye mashine. Amony aliandika bila kuinua uso, ila alikuwa ameuma mdomo kwa kujizuia kucheka.

Awiti hakucheka. Aliona aibu, lakini zaidi ya aibu alichoka. Alichoka na mtu huyu ambaye hata kifo kilipomgusa bega aligeuka akakiuliza kimechelewa wapi.

Alipomaliza, Amony alihamia kwa Muhamadi. Pale mambo yalikwenda taratibu. Je, hukasirika? Hapana. Mtu akimkosea? Ananyamaza, alisema Muhamadi. Watoto wakimkosea? Ananyamaza. Mara ya mwisho kumwambia mtu yeyote kwamba ana shida ilikuwa lini? Mzee alifikiri sana.

"Sikumbuki," alisema. "Sipendi kusumbua watu."

"Hata siku ile kifua kilipokuuma?"

"Kiliniuma asubuhi. Nyumbani kulikuwa na wageni. Nikangoja waondoke."

"Waliondoka saa ngapi?"

"Baada ya magharibi."

Amony aliandika. Wanjala, aliyekuwa anasikiliza kutoka kitanda cha pili, alishindwa kujizuia.

"Msichana," alisema, "huyu ni mtu mpole kuliko wote hapa ndani. Kama hasira ndiyo inaua, yeye anafanya nini hapa?"

"Ndiyo tunachouliza, mzee," alijibu Amony. "Bado hatujapata jibu."

*

Alasiri ya siku hiyo hiyo Awiti alikuwa kwenye beseni la ujiani anaosha vikombe aliposikia sauti ya mumewe. Haikuwa sauti ya kulalamika aliyoizoea. Ilikuwa sauti ya karakana, ile ya kuvishinda vyerehani sita kwa pamoja.

"Sista. Sista, njoo hapa. Nyinyi mnaongea nini huko? Mtu anakufa huku."

Alikimbia. Wauguzi wawili walikuwa wameshamtangulia, na wa kwanza alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kuitwa. Walidhani ni yeye tena. Wanjala alikuwa amesimama katikati ya vitanda viwili, nyaya zake zimebanduka zinaning'inia, na kwa mkono mmoja ameshikilia kitanda cha Muhamadi.

"Si mimi," alifoka. "Yeye. Mtazameni yeye."

Muhamadi alikuwa amelala chali vile vile, macho wazi. Jasho lilikuwa limelowesha mto mzima. Vidole vyake vilikuwa vimekamata shuka kwa nguvu, na midomo imebana. Hakuwa ametoa sauti hata moja.

"Tangu lini, mzee?" muuguzi aliuliza, tayari anavuta mashine.

"Kidogo tu," alisema Muhamadi. "Baada ya chakula."

Chakula kililetwa saa saba. Sasa ilikuwa saa kumi.

Walimwondoa haraka, kitanda na kila kitu, na magurudumu yakapiga kelele ujiani mpaka lango la chumba cha wagonjwa mahututi likafungwa. Mahali pake pakabaki sakafu yenye mraba safi kuliko sakafu nyingine, na kiatu kimoja cha plastiki.

Muuguzi wa viatu vyeupe alirudi kubandika nyaya za Wanjala. "Umefanya vizuri leo," alimwambia. Wanjala alilala bila kuambiwa, akatazama ule mraba. Awiti alimwuliza kama anataka chai, akatikisa kichwa. Alimwuliza kama ana maumivu, akatikisa tena. Kwa saa nzima hakumkosoa mtu, na Awiti alimshukuru Mungu akidhani mumewe hatimaye amejifunza kutulia.

*

Alhamisi asubuhi kitanda kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimetandikwa, pembe zimekunjwa na shuka limevutwa.

Awiti alisimama pale akakitazama, kisha akatazama chini ya kitanda, ingawa alijua mtu wa kimo cha mumewe hawezi kuwa chini ya kitanda.

"Ameenda," alisema muuguzi nyuma yake. Safari hii hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tulikuwa tunabadilishana zamu. Ametoa nyaya, amevaa koti lake, amepita. Nyabo, wewe ni mke wake au ni mama yake? Kwa sababu mimi nimezaa wanne, na hakuna hata mmoja ananifanyia hivi."

Karani alimpa karatasi ya kusaini kwamba mgonjwa ametoka bila ruhusa. Alisaini. Aliulizwa uhusiano wake na mgonjwa, akaandika "mke", na herufi zilitoka mbaya. Langoni askari alimsimamisha akataka kujua kama yeye ndiye wa yule mzee aliyepita na kibomba cha sindano kinaonekana mkononi, anamwambia askari lango limefungwa vibaya. Awiti alisema ndiye. Askari akasema hayo ndiyo mambo yanamletea mtu matatizo kazini. Awiti akaomba msamaha. Akapanda bodaboda, na dereva alipomwuliza anaenda wapi alijikuta amesema, "Samahani, Mengo."

Njia nzima alipanga maneno. Angemwambia hivi, angemwambia vile. Kisha akakumbuka kwamba huenda anamkuta ameanguka tena kwenye ile ile meza, na maneno yote yakamtoka.

Alipofika, mlango wa karakana ulikuwa wazi na hapakuwa na kelele. Aliingia.

Wanjala alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, koti juu ya gauni la hospitali, miguu mitupu ndani ya viatu vya ngozi. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu, lakini alikuwa hai. Mbele yake, kwenye meza ndefu, sare zilikuwa zimepangwa kwa saizi, mashati upande mmoja, kaptula upande mwingine, sweta zimekunjwa nembo juu. Kamis, mkata vitambaa wao, kijana wa Bombo mwenye futi ya kupimia shingoni, alikuwa amesimama pembeni mikono nyuma. Mafundi wengine walikuwa wanakunywa chai kwenye ngazi za nyuma na redio ilikuwa inaimba kidogo kidogo.

"Mama, shikamoo," alisema Kamis. "Tulimaliza jana saa kumi jioni. Nilitaka kupiga, lakini ulisema tusimpigie."

"Marahaba. Zote?"

"Zote. Ile maruni nilirudisha kwa muuzaji. Nilimwomba vizuri tu, akabadilisha."

Wanjala alisimama, akashika meza kidogo, kisha akaanza kupita kwenye mirundo. Aligeuza kola. Alivuta mishono. Alipima mkono wa shati kwa shubiri yake. Alichomoa kaptula moja kutoka katikati ya rundo, akaipeleka dirishani, na Awiti aliona mabega yake yakinyanyuka kwa nguvu mpya.

"Hii nini?" alisema. "Kifungo kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kaptula ya kahawia, uzi mweusi. Mtoto avae hii? Nani ameshona hii?"

Kamis aliikaribia, akaitazama, akatazama chini.

"Ni wewe, mzee," alisema kwa heshima. "Jumamosi. Kabla ya kuanguka. Tuliona si vizuri kuifumua bila wewe."

Wanjala alibaki ameishika. Redio ya nje iliendelea kuimba. Alirudi akakaa kwenye kiti cha cherehani, kaptula magotini, akaikunjua na kuikunja tena.

"Kamis," alisema Awiti, "nenda ukanywe chai."

Kamis alitoka, akafunga mlango wa nyuma taratibu.

Maneno yale aliyoyapanga kwenye bodaboda hayakurudi. Awiti alivuta kiti kingine akakaa mbele ya mumewe, mkoba mapajani, na alipoanza kuongea sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Leo nimeomba msamaha kwa muuguzi, kwa karani, kwa askari wa langoni, na kwa mtu wa boda ambaye hata hujamkosea. Unajua nimeomba msamaha kwa ajili yako mara ngapi? Kwa mwenye nyumba. Kwa mchungaji, siku ile uliyomwambia mahubiri yamezidi. Kwa mwalimu wa Valarie. Kwa mama yangu mwenyewe, kwenye matanga ya baba yangu, kwa sababu ulipanga upya viti. Wewe unapita unasema, mimi napita nyuma nafagia."

"Mimi nasema ukweli tu—"

"Usinikatize."

Alinyamaza. Huenda ni gauni lile la hospitali lililomnyima nguvu, au kaptula.

"Sikuulizi kwa nini una hasira. Nimeshazoea. Nakuuliza kwa nini umetoka. Sare zimeisha. Ungepiga simu moja ungejua."

"Simu yangu unayo wewe."

"Baba Valarie."

Wanjala alitazama dirishani.

"Yule mzee," alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa nimelala pale, hatua mbili. Saa tatu nzima anaumwa na mimi sijui. Nilikuwa nimegeukia ukutani nimemnunia yule muuguzi. Niligeuka kwa bahati tu, nataka kumwomba simu." Alikunja kaptula. "Na yeye alikuwa anafanya kila kitu wanachosema. Alilala. Hakugombana na mtu. Sasa, Awiti, kama hata aliyelala anakwenda hivyo, mimi nilale nikingoja nini? Nikifumba macho naona ile sakafu. Nikaona afadhali nije hapa. Hapa najua la kufanya."

Aliangalia meza ndefu iliyojaa kazi iliyokwisha.

"Hakufa," alisema Awiti. "Nimemwuliza muuguzi kabla sijasaini. Wamefungua mshipa, jana usiku amezungumza na binti yake. Muuguzi amesema wangechelewa kidogo tu angekwisha. Amesema yule mtu wa kelele ndiye aliyemwokoa."

Wanjala alifunika uso kwa ile kaptula. Awiti alimwona mabega yakitikisika, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alimwonea huruma kabisa, lakini hakuinuka kwenda kumshika. Alijua akimshika tu, kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Atamwinua, atamvalisha soksi, atampeleka, atamsemea.

Alifungua mkoba, akatoa simu ya mumewe, akaiweka juu ya cherehani.

"Sasa nisikilize. Kamis atakutafutia gari, si boda. Utarudi hospitali. Utakwenda kwa yule muuguzi na kumwambia wewe mwenyewe umekosa. Mimi siendi. Mimi naenda nyumbani Kisugu, nioge, nipike, nilale. Sijalala tangu Jumamosi."

"Na wakikataa kunipokea?"

"Utawaomba."

"Mimi siwezi kuomba, Awiti. Unajua."

"Najua," alisema, akasimama. "Na ukikataa kurudi, kaa hapa ufe kwenye meza yako. Nitalia sana. Lakini sitakuja kuomba msamaha kwa niaba yako kwa Mungu."

Alitoka kabla hajaona uso wake. Mara mbili alisimama barabarani, akageuka, akatazama mlango wa karakana. Mara ya pili alimwona Kamis anatoka anasimamisha gari. Ndipo akaondoka.

*

Nyumbani alioga kwa maji ya moto. Alikaanga samaki, akamuunga kwa nyanya, akasonga ugali mdogo wa mtu mmoja. Kila kidogo alikuwa anasikiliza kama simu inaita. Ilipoita alikuwa ameshapakua, na mkono wake ulikuwa na unga.

"Ni mimi," alisema Wanjala. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi, mtoto analia, jina la mtu linaitwa.

"Uko wapi?"

"Hospitali. Kwenye benchi. Kile kitanda wameshampa mtu mwingine. Wamenipima, wamesema moyo bado unadunda vizuri, ila lazima nianze upya kama mgonjwa mpya. Kuna watu kumi na wanane mbele yangu."

"Umemwona sista?"

"Nimemwona. Nimemwambia samahani."

"Akasema nini?"

"Akasema rudia, hajasikia vizuri. Alisikia, Awiti. Alinifanyia makusudi." Alipumua. "Nikarudia."

Awiti alikaa. Alijikuta amefunika macho kwa kiganja chenye unga.

"Na sasa unafanya nini?"

"Nimekaa. Amesema nikae, nimekaa. Saa ya pili hii." Sauti yake ilianza kupanda, ikajizuia, ikapanda tena. "Lakini nakwambia ukweli, hawa watu hawajui kupanga. Wanaita majina kutoka ndani, watu wa nje hawasikii. Wangeweka mtu mmoja tu mlangoni. Mmoja. Na haya mabenchi yameelekea ukutani, kwa nini yaelekee ukutani? Simwambii mtu. Nakwambia wewe tu."

"Niambie mimi," alisema Awiti.

Aliiegemeza simu kwenye kikombe, akaongeza sauti, akavuta sahani karibu. Wanjala alikuwa ameshafika kwenye dirisha la dawa na jinsi lilivyowekwa chini mno. Awiti alimega ugali, akachovya mchuzi ungali wa moto, akala polepole huku akiitikia, mpaka samaki akabaki mifupa.